Bampa Niliyomtengenezea Sista Modesta

Nitawaambia, lakini mnivumilie, na anayetaka kucheka acheke sasa kabla sijaanza, maana katikati kuna mahali ambapo hata mimi, baada ya miaka yote hii, kicheko hunikauka mdomoni. Mpaka leo nikiona Landkruza imeegeshwa pale Lodwar na tairi la spea limetundikwa nyuma, huwa navuka barabara nipite upande wa pili, na si kwamba gari litaniuma, ni aibu tu, aibu niliyojitengenezea kwa mikono yangu miwili, nikaipaka rangi nyeusi ya kung'aa, kisha nikapanda ndani yake nikasafiri nayo hadi Kakuma ili watu wengi zaidi wapate kuiona.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa, na mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, banda langu la mabati likiwa nyuma ya soko la Lodwar. Ufundi nilijifunzia Kitale na niliporudi nyumbani nilikuwa na miwani miwili ya kuchomelea, mmoja wa kazi na mwingine wa kuvaa juu ya paji la uso nikipita sokoni (msicheke, nilikuwa kijana, na hakuna fundi mwingine aliyekuwa na miwili). Kazi yangu ilikuwa vitanda vya mabweni, milango na mageti, lakini roho yangu ilikuwa kwenye magari. Kila siku niliyaona magari meupe ya mashirika yakipita kuelekea Kakuma, na karibu kila moja bampa yake ilikuwa imepinda kwa mawe ya kwenye laga, ile mito mikavu ya kwetu, nami nikawa najiambia kwamba siku bampa moja tu yenye kazi ya Ekiru itakapoonekana kule, madereva wote watakuja kupanga foleni kwangu.

Basi akaja Sista Modesta. Huyu alikuwa mtawa na muuguzi wa zahanati moja ya misheni, Mkamba, mfupi, mwenye maneno machache, na Landkruza yake ilikuwa ile ndefu yenye milango miwili nyuma na mabenchi mawili ndani yanayotazamana. Walikuwa wamerudi nyuma wakagonga jiwe kule Namoruputh, na bampa ilikuwa imefungwa kwa waya. Alikuja na dereva wake, mzee Erupe, akasimama mlangoni kwangu bila hata kukaa.

"Ejok, Ekiru."

"Ejok, Sista. Karibu."

"Nataka bampa ya kawaida. Chuma kimoja kilichonyooka, na chini yake uniwekee kikanyagio. Wamama wajawazito wanashindwa kupanda hili gari, tunawainua kama magunia. Hicho kikanyagio ndicho ninachokitaka hasa."

"Hiyo ni kazi ndogo, Sista."

Na ilikuwa ndogo kweli. Ningeifanya asubuhi moja nikalala mchana. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimeona gari la watalii pale kwenye kituo cha mafuta, wanaelekea ziwani, na spea yao haikuwa juu wala chini ya gari, ilikuwa nyuma, imefungwa kwenye mkono wa chuma ulioota kutoka kwenye bampa, na mkono huo ulifunguka na kufungwa kama geti. Nililizunguka gari lile mara tatu mpaka mwenyewe akafunga milango kwa funguo. Sasa Sista alipoondoka na kuniachia Landkruza, nikaitazama, nikaona kabisa mahali ambapo ule mkono ungekaa, ukipita mbele ya milango yote miwili ya nyuma, na hapo ndipo nilipoamua (hakuna aliyeniomba, hilo nataka mlijue) kwamba bampa ya Sista itakuwa na keria ya spea.

Paipu nilikuwa nayo, ile nene ya visima, vipande vilivyoachwa na watu wa kuchimba maji. Shida ilikuwa bawaba. Bawaba ya kubeba tairi zima inahitaji beringi, na beringi za namna ile Lodwar hazikuwepo, ilibidi kuagiza Kitale na kungoja, nami sikuwa mtu wa kungoja, kwa hiyo nikachukua paipu nyembamba nikaiingiza ndani ya paipu nene, nikapaka grisi nyingi, nikasema geti ni geti. (Geti halibebi tairi. Wala halitikiswi saa mbili mfululizo kwenye barabara mbovu. Haya niliyafikiria baadaye.) Kisha badala ya kuifunga bampa kwa bolti, nikaichomelea moja kwa moja kwenye chesisi. Mzee Erupe alikuwa amekuja kuangalia, akaniuliza kwa upole, "Na siku ikihitajika kutolewa?"

Nikamjibu, "Mzee, hii haitatolewa. Hii itazikwa pamoja na gari."

Nilipofika kwenye kikanyagio nikakuta paipu imekwisha, maana ile keria ilikuwa imekula kila kitu. Lakini rodi za kuchomelea zilikuwa zimebaki, na mnajua nilizifanyia nini? Niliandika jina langu. Nilichora herufi kwa moto, kubwa, zimevimba vizuri juu ya bampa: EKIRU FUNDI LODWAR. Kisha nikapaka rangi, nikafunga tairi kwenye mkono, na mara tu uzito ulipokaa, mkono wote ukashuka upana wa kidole kimoja, tundu la pini ya kuufungia likawa halilingani na tundu la bampa. Nikauinua kwa bega, nikaipiga pini kwa nyundo, ikaingia. Nikaufungua mara moja, ukafunguka. Nikaufunga. Nikawasha redio.

Sista alikuja jioni. Alitazama bampa muda mrefu.

"Kikanyagio kiko wapi?"

"Kitakuja, Sista, paipu imeisha. Lakini tazama hii kazi!"

"Umeijaribu?"

"Mara ishirini, Sista."

"Kesho tunapeleka chanjo Kakuma. Milango itafunguka?"

"Kwa kidole kimoja."

Alinitazama, halafu akaitikia tu kwa kichwa. Nami nikaomba nafasi garini, nikasema nataka kuichunga kazi yangu katika safari yake ya kwanza, lakini ukweli ni kwamba siku ya chanjo madereva wa mashirika yote wangekuwa pale hospitalini, na nilitaka wanione nikishuka. Asubuhi nikavaa shati jipya la samawati ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwa Krismasi.

Lami ya kwenda Kakuma wakati huo ilikuwa imebomoka vibaya, madereva waliiacha wakapita kando kwenye mchanga, na Landkruza, kama mnavyojua, hujivutia vumbi lake lote kwa nyuma, ikisimama vumbi linaikuta hapo hapo linailalia mgongoni. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na Sista na mzee Erupe, dirisha wazi, nikipiga hesabu ya wateja, wala sikujiuliza vumbi hilo lote linaingia wapi, wakati nyuma yetu kulikuwa na bawaba wazi iliyojaa grisi mbichi.

Tulikuwa tumepita nusu ya safari tulipoona mwanamke mzee amesimama kando ya barabara akipunga kitambaa kwa mikono yote miwili. Chini ya mti wa miiba alikuwa ameketi mkaza mwanawe, Akai, uchungu umemshika tangu alfajiri ya jana, midomo imekauka, hawezi hata kusalimia. Huyo mzee tulimwita ata, kama sisi Waturkana tunavyowaita nyanya zetu. Sista aliruka chini, akamgusa Akai tumbo, akasema, "Nyuma, upesi."

Mzee Erupe akaenda kuvuta pini. Haikutoka. Akachukua nyundo, akaipiga mara tatu, ikatoka ikilia, na ule mkono ulipofunguka ulifika nusu tu, ukisaga mchanga, sauti yake ikanifanya nitazame pembeni. Mzee akanigeukia.

"Ekiru, hii kitu tuitoe. Tufungue tairi tuweke juu, na hii chuma tuifunge na kamba ikae hivyo wazi."

Dakika kumi tu. Spana ilikuwepo, kamba ilikuwepo. Nami nikafikiria kufika Kakuma na keria yangu imefungwa kamba, inaning'inia, mbele ya madereva wote, nikasema, "Hapana, mzee, ni rangi mpya tu inashikana. Itazoea."

Huo ndio uamuzi. Nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Tulimwinua Akai kumwingiza kwenye gari, mimi miguu, mzee mabega, kwa sababu mahali pa kukanyaga hapakuwepo, na hakuna aliyelisema hilo. Sista akamlaza sakafuni katikati ya mabenchi, masanduku ya chanjo yakasogezwa kando, akamtia sindano ya maji mkononi, kisha akaishika chupa akaangalia dari na kukosa pa kuitundika.

"Ekiru, wewe ni mrefu. Ingia uishike."

Ata akapinga kwa ukali, akasema kwa Kiturkana kwamba mwanamume hakai mahali kama hapa, haijawahi kuonekana. Nami nilikubaliana naye kabisa, nilikuwa tayari nimeshaanza kurudi mbele. Sista hakugeuka hata.

"Mwambie ata kwamba huyu leo si mwanamume. Leo ni msumari wa kutundikia chupa."

Nikaingia. Ata akapanda, nami nikapiga magoti nusu nimesimama, kichwa kimegusa dari, mkono juu. Mzee Erupe akafunga milango, nikasikia akiuinua ule mkono kwa bega lake na kuipiga pini kwa nyundo, mara moja, mara mbili, na ya tano ikatoa sauti ambayo fundi yeyote anaijua, sauti ya chuma kinachopinda badala ya kuingia. Nikanyamaza.

Hospitalini Kakuma tulikuta foleni ya wamama na watoto wao imezunguka ukuta, wengine wa mjini, wengine kutoka kambini, na chini ya miti magari manane au tisa, madereva wamekaa kivulini. Wote wakageuka. Na nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: wakati ule Akai alikuwa ameng'ang'ania mguu wa suruali yangu kwa maumivu, na mimi nilichungulia dirishani kuona kama madereva wanaiangalia bampa.

Walikuwa wanaiangalia. Mzee Erupe alikuwa amefika nyuma na nyundo, akapiga, akapiga tena, pini haikusogea. Madereva wakaja kusaidia. Wauguzi wawili wakaja mbio na machela, wakasimama nayo. Mtu mmoja akasema fungueni tairi, wakafungua nati, tairi likatoka, lakini mkono wa paipu ya visima ukabaki pale pale umepita katikati ya milango yote miwili, na milango ikafunguka upana wa vidole vinne basi. Kupitia pengo hilo niliona macho ya watu. Dereva mmoja mnene akainama akaniuliza, "Nani ametengeneza hii kitu?"

Nikasema (na mkono wangu bado uko juu na chupa), "Ni fundi fulani wa Kitale."

Kisha dereva mwingine akapangusa vumbi kwenye bampa kwa kiganja, akasoma silabi moja moja kwa sauti kama mtoto wa shule: "E-ki-ru. Fundi. Lodwar." Sista Modesta akainua uso wake kutoka kwa Akai akanitazama, mara moja tu, halafu akarudi kwenye kazi yake. Kule nje kicheko kikaanzia kwa madereva, kikashika foleni ya wamama, kikaenda mpaka mwisho wa ukuta, mpaka kwa watu ambao hata hawakujua wanacheka nini.

Akai akapiga ukelele. Kicheko kikakatika pale pale.

"Wapitisheni mbele!" mtu akasema. Lakini kati ya viti vya mbele na huku nyuma palikuwa na wavu wa nondo, wa kuzuia mizigo isimwangukie dereva. "Na huu umechomelewa na nani?" wakauliza, na mzee Erupe, ambaye sijawahi kumsikia akikasirika, akajibu, "Huyo huyo." (Ilikuwa kazi yangu ya mwaka uliopita. Imara sana.) Madirisha yalikuwa yale ya kuteleza, membamba, hata masanduku ya chanjo hayangepita. Kuvunja kioo Sista alikataa, hakutaka vipande vimwangukie mama. Dereva wa lori akaleta kamba nene akafunga kwenye bampa, akasema ataing'oa, akavuta, na bampa haikung'oka, gari zima lilikokotwa kinyumenyume, sanduku likaanguka, Akai akalia, na Sista Modesta, ambaye hajawahi kupaza sauti, akapaza sauti: "Acha! Acha!" Dereva wa lori akashuka akaikagua ile bampa, akatikisa kichwa. "Hii imechomelewa vizuri sana," akasema. Ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kupata Kakuma, na sijawahi kusikia maneno yaliyoniumiza vile.

Mashine ya kukatia vyuma ilikuwepo hospitalini na jenereta ilikuwepo, ila mzee Erupe akasimama mbele ya tangi la dizeli la gari akasema cheche haitaruka hapa na watu wako ndani. Ndipo mtu mmoja akakimbilia kambini akarudi na Msudani mrefu aitwaye Majok, mtengenezaji wa baiskeli, ameshika msumeno wa chuma mkononi. Aliinama, akapapasa bawaba, akapapasa pini, akaanza kukata. Paipu ya visima kwa msumeno wa mkono! Nilisikia kila mvuto, na nilijua unene wa paipu ile, niliweza kuhesabu ni mivuto mingapi imebaki, na ilikuwa mingi.

Mtoto hakungoja. Ata alipoona wakati umefika alivua shuka lake la mabegani akanifunika kichwa chote, akanibonyeza uso wangu kwenye ukuta wa gari, akasema, "Usigeuke, usipumue." Basi nikabaki hivyo, kichwa gizani, mkono mmoja umetoka nje ya shuka unashika chupa, unatetemeka, umekufa ganzi, na nje watu wamebandika nyuso kwenye vioo, na msumeno unakereza, na Sista anasema taratibu, sukuma, mama, sukuma, pumzika, sukuma. Sikuona kitu. Nilisikia vyote.

Halafu nikasikia kimya.

Mimi sikuwa na mtoto wakati huo, lakini kila mtu anajua kinachotakiwa kusikika hapo, na hakikusikika. Nilisikia Sista akisugua, akipuliza, akihesabu kwa sauti ndogo, akisugua tena. Ata alianza kunong'ona, sijui anaomba, sijui anaita. Chumba cha kuzalishia kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Wauguzi walikuwa nje na machela, na kila kifaa walichokuwa nacho kilikuwa upande wa pili wa chuma changu.

"Ekiru, weka chupa chini. Nipe shati lako. Upesi!"

Nililivua bila kufungua vifungo, vikaruka. Nikalipitisha nyuma yangu bila kugeuka, akalinyakua, nikasikia kitambaa kikisuguliwa kwenye kitu kidogo, akipuliza, akisugua. Nilimwambia Mungu kwamba akikubali mtoto huyu alie nitaacha ufundi, nitachunga mbuzi, nitafanya lolote. Kikasikika kitu kama kikohozi cha paka. Kisha kilio chenyewe, chembamba, chenye hasira.

Nje wamama walipiga vigelegele ukuta mzima. Na mimi, ndani ya shuka, nikalia, na nitasema kweli maana ndiyo sababu ya kuwasimulia: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa furaha ya mtoto. Nilihisi kwamba nimepona mimi. Furaha ya mtoto ilikuja ya pili, na nimeona haya kwa mpangilio huo maisha yangu yote.

Dakika chache baadaye paipu ikakatika, milango ikafunguka, wakamtoa Akai, wakamtoa mtoto amefungwa kwenye shati la samawati, akatoka ata, akatoka Sista, yakatolewa masanduku. Mimi nikatoka mwisho, kifua wazi, nywele zimejaa vumbi la shuka, mkono haukunjuki. Nilitegemea kicheko, na nawaambia ningekipokea vizuri. Hakuna aliyecheka. Foleni nzima ilinitazama tu, wamama mia na zaidi na watoto wao mgongoni, halafu mmoja mmoja wakageuza nyuso.

Majok alikuwa ameketi chini akipangusa msumeno. Aliinua kipande cha pini kilichopinda, akakigeuzageuza, akauliza kwa Kiarabu cha Juba, "Munu amulu de?" Nikajua maana yake bila kutafsiriwa, ni lile swali la kwanza: nani ameitengeneza?

"Mimi," nikasema. "Ni mimi."

Hakunitukana. Alinionyesha paipu mbili zilizokaliana, akachokoa kwa kucha ule uji mweusi wa grisi na mchanga. "Hii iko kaza sana, ya akhu, ndugu yangu. Mchanga naingia, hapana toka. Na hii tairi iko nzito, navuta chini. Unaona?" Nikasema naona. Akanipa kile kipande nikishike, akaenda zake.

Sista alinikuta bado nimekaa pale. Alikuwa amenawa mikono. Nilisimama nikaanza kusema maneno mengi, samahani, beringi, Kitale, mchanga, akaningoja mpaka yakaisha.

"Nilikuomba kikanyagio," akasema, na akaenda kuanza chanjo.

Nilikaa Kakuma siku mbili. Niliazima fulana kwa mzee Erupe na mashine ya kuchomelea hospitalini, tukalishusha tangi kwanza, nikaikata bampa yangu yote, herufi na vyote, mbele ya kila mtu, nikaweka chuma kimoja kilichonyooka kwa bolti sita, na chini yake kikanyagio kipana chenye mikwaruzo ili mguu usiteleze, Majok akisimama pembeni kila saa kuangalia. Madereva walikuja mmoja mmoja. Mzee Erupe alikuwa amewasimulia jinsi nilivyomhakikishia Sista, kwa hiyo hawakuniita Ekiru, waliniita Mara Ishirini, na wapo wazee mpaka leo wanaoniita hivyo barabarani, na watoto wangu wakiniuliza kwa nini, nawaambia ni hadithi ndefu.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda wodini. Ata alikuwa mlangoni, akanizuia kwa macho, halafu akaniachia nipite. Akai alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala kifuani. Hakunitambua, maana alikuwa ameniona kwa shida, ata akamwambia, "Ni yule wa chupa." Nilikuwa nimepanga maneno ya Kiturkana mazuri njiani, maneno ya mtu mzima anayekiri kosa, nikaanza, nikasema ile chuma iliyowafungia ndani niliitengeneza mimi, niliambiwa tuitoe nikakataa, na mtoto wake angekufa kwa ajili ya kiburi changu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

"Mkono wako umepona?"

Nikautazama mkono wangu.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema. "Nilikuwa nauangalia nikisema, huyu atachoka aiangushe. Hukuiangusha. Umepona?"

Nikamwambia umepona. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya wodi kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Ufundi sikuacha (Mungu anisamehe, ile ahadi ya mbuzi sikuitimiza). Lakini tangu siku hiyo, kitu chochote chenye mlango kikitoka bandani kwangu, gari, ghala, hata banda la kuku, mimi mwenyewe huingia ndani kwanza, namwambia mtu anifungie kutoka nje, nakaa humo nikitoka jasho, kisha nasema fungua, na kama hakikufunguka mara ya kwanza hakiendi kwa mwenyewe. Tunafanya hivyo mara ishirini. Wateja wakiniona wananicheka, wananiuliza fundi, hii ni nini sasa? Huwa nawajibu kwamba ni utaratibu wa kazi tu.